Kura Haizikwi Dala

Kila uchaguzi ukikaribia, mchambuzi fulani huketi kwenye studio ya televisheni Nairobi, nyuma yake ramani ya kaunti 47, akagusa pembe ya magharibi pale ziwa linapoanza, akasema: "Hizi hapa kura za Waluo, milioni mbili." Halafu anasonga hadi Mlimani, Bonde la Ufa, Ukambani, Magharibi, akijumlisha na kutoa kama mwenye duka anayefunga hesabu za jioni. Mtangazaji anaitikia kwa kichwa. Sisi huku Kondele tunabaki kubishana kama ni milioni mbili kamili au ni mbili na ushei. Swali la kwanza kabisa haliulizwi: amezitoa wapi?

Nauliza kwa sababu sajili ya wapiga kura ya Kenya haina safu ya kabila. Ukienda kujisajili, IEBC wanachukua jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, alama za vidole na picha. Hawakuulizi nyanyako alikuwa anaongea lugha gani. Kinachochapishwa baadaye ni idadi ya watu kwa kituo, kwa wadi, kwa eneobunge na kwa kaunti. Basi. Hiyo "kura ya Waluo" mchambuzi ameipika mwenyewe. Amechukua Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, akazijumlisha, akazipaka rangi moja.

Haya, tufanye hesabu yake, lakini tuifanye hadi mwisho. Mwaka 2022 sajili ya taifa ilikuwa na watu 22,120,458. Kaunti zetu nne zilikuwa na kama milioni 2.16, chini kidogo ya asilimia 10. Hapo mchambuzi yuko sawa. Sasa chukua sensa ya 2019, ambayo inauliza kabila. Waluo walihesabiwa 5,066,966. Wakazi wote wa kaunti hizo nne, wa kila kabila na kila umri, walikuwa 4,397,143. Hata tukijifanya kwamba kila aliyelala huku usiku wa sensa ni Mluo, kuanzia Mhindi wa Milimani na Mnubi wa Kibos hadi Mkuria wa Kehancha, bado Waluo 669,823 lazima walikuwa wamelala kwingine. Na Wakuria peke yao ni zaidi ya laki tatu nchini, wengi wao wako Migori. Waondoe, na idadi ya Waluo wanaoishi nje ya "Nyanza ya Waluo" inakaribia milioni moja.

Wako Kibra, Mathare na Kayole. Wako Naivasha kwenye mashamba ya maua, Mombasa, Nakuru, Eldoret. Ramani ya studio haiwaoni, kwa sababu inawatambua tu wakiwa wamesimama kando ya ziwa. Na sisi wenyewe, hili ndilo linaloniuma, tumekubali kuishi kulingana na ramani hiyo. Msee anakaa keja Nairobi au hapa Kisumu miaka kumi na miwili, halafu kura yake iko Ugunja, au Ndhiwa, au Nyakach, kwa sababu "kura ni ya dala".

Mimi nasema kura si ya dala. Kura ni ya pale unapolala, unapoteka maji, unapolipa kodi, unapokanyaga maji ya mtaro usiozibuliwa. Nimesajiliwa Nyalenda B, ninapoishi, ingawa kwetu ni Seme. Mjomba wangu ananiita msaliti kwa sababu hiyo, na makala haya yote ni kama jibu kwake, kwa heshima zote.

Kwanza tuulize wimbo huu wa idadi ulitungwa lini. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Mutahi Ngunyi alitoka na nadharia yake ya ubabe wa idadi: kwamba uchaguzi uliisha siku usajili ulipofungwa, tarehe 18 Desemba 2012, kwa sababu ngome za Uhuru Kenyatta na William Ruto zilikuwa zimesajili watu wengi kuliko ngome za Raila Odinga. Nchi nzima ikaimeza. Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, yaani alivuka nusu kwa kura elfu chache tu kati ya milioni kumi na mbili. Huo ni ubabe gani? Lakini nadharia ilishakuwa msahafu, na tangu hapo kila kabila lina "kapu" lake, na kila kapu lina mwenyewe.

Kisha ikaja 2022. Uhuru, mwenye kapu la Mlima kwa mujibu wa msahafu huo, akamuunga mkono Raila. Martha Karua, binti wa Kirinyaga, akawa mgombea mwenza. Mlima ukampigia Ruto. Ruto akatangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930. Mchungaji alielekea huku, ng'ombe wakaelekea kule. Ungetarajia wachambuzi wafunge daftari waone aibu. Wao wakabadilisha tu jina la mchungaji.

Sitaki mtu aseme kwamba nachukia kuhesabu. Kuhesabu watu kwa asili yao kunaweza kuwa silaha ya mnyonge. Huko Marekani, majimbo kadhaa ya kusini, yakiwemo Georgia na North Carolina, yanakuuliza mbari yako kwenye fomu ya kujisajili. Unaweza kujua Weusi waliosajiliwa ni wangapi katika kila moja ya kaunti 159 za Georgia. Idadi hizo zina kazi. Baada ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, wanaochora mipaka walijifunza mbinu mbili za kuua kura ya Mweusi bila kumzuia kuipiga. Ya kwanza ni kuwatawanya Weusi vipande vipande wasiwe wengi popote. Ya pili ni kuwarundika wote kwenye eneo moja, washinde hapo kwa kishindo, na pengine pote wasisikike. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa maeneobunge mawili ya North Carolina kwa sababu mbari ndiyo iliyotumika kuyachora na Weusi wakasukumwa humo kupita kiasi. Bila takwimu za kaunti kwa kaunti, wasingeweza kuthibitisha lolote mbele ya jaji.

Sasa tazama kwetu. Huko, mtu mwenye nia mbaya na kompyuta alihitajika ili kuwarundika watu. Sisi tunajirundika wenyewe, kwa nauli yetu wenyewe. Wiki ya uchaguzi basi za kutoka Nairobi zinajaa, nauli inapanda, na watu wanaoishi kwenye wadi moja Embakasi wanaondoka kwenda kuongeza kura juu ya mlima wa kura ambao tayari umefika mawinguni. Mgombea anayepata asilimia tisini na kitu Siaya hapati zawadi yoyote kwa kufikisha asilimia tisini na kitu na nusu.

Mjomba ananiambia: "Lakini tunamwongezea mtu wetu kura za urais." Hapa naomba tusome Katiba pamoja. Kifungu cha 138 kinasema rais anachaguliwa kwa zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Nchi nzima ni debe moja. Kura ya urais iliyopigwa Kayole ina uzito uleule wa kura iliyopigwa Bondo. Huongezi hata chembe kwa kuisafirisha. Tena kama kuna mahali kura hiyo ingesaidia zaidi, ni kule ambako mgombea wako anahangaika kufikisha robo. Kuipeleka alikokwisha kufikisha robo mara tatu ni kumwaga maji ziwani.

Kwa hiyo kura ya urais haijali uko wapi. Zinazojali ni zile tano nyingine unazopewa asubuhi hiyohiyo: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Hizo ndizo unazipoteza. Unamchagua MCA wa wadi ambayo unaiona Krismasi na kwenye matanga, halafu unarudi mtaani kwako kuongozwa na mtu aliyechaguliwa na wengine. Chini ya ugatuzi, zahanati, barabara za mtaa, taa, soko, takataka, maji na mitaro ni mambo ya kaunti. Mafuriko yakiingia Nyalenda, hayamuulizi mpangaji kitovu chake kilizikwa wapi.

Angalia hili pia. Siaya ni kaunti ambayo vijana wake wako Kisumu, Nairobi na Mombasa. Kila mtu wa huku anajua. Lakini ukilinganisha sajili ya 2022 na sensa ya 2019, Siaya ilisajili kama watu 54 kwa kila wakazi 100, na Kisumu, yenye jiji, vyuo na mitaa iliyojaa watu wazima, kama 53. Kwa kawaida mahali panapohamiwa na vijana wa kutafuta kazi pangeacha nyuma kwa mbali mahali wanapohama. Hilo si ushahidi wa mahakamani, lakini ni moshi, na moshi hautoki bila kuni. Watu wanalala Manyatta, majina yao yamelala Gem.

Nani anafaidika? Si mama muuza omena wa Obunga. Anafaidika mwanasiasa wa mtaani ambaye anajua kwamba nusu ya wapangaji wake hawawezi kumwondoa. Anaweza kuwapuuza miaka mitano, kisha akasomba wapiga kura wachache kutoka kwingine wajisajili kwake, akarudi ofisini. Nyalenda yenyewe tayari imekatwa mara mbili: Nyalenda A iko Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Mtaa mmoja, wabunge wawili, na wapangaji ambao si wapiga kura wa yeyote kati yao. Tunashangaa kwa nini kila mmoja anaweza kumtupia mwenzake lawama?

Na kuna mwingine anayefaidika: yule anayeitwa msemaji wa jamii. Yeye anahitaji tuwe pamoja, tupimike, tubebwe kama gunia. Tukiwa tumetawanyika kwenye sajili ishirini, kila mmoja akimdai MCA wake, hana gunia la kupeleka mnadani.

Nimesikia hoja za upande wa pili, na mbili kati yake ni nzito.

Ya kwanza ni ya hesabu. Mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na wakazi 4,397,073. Kaunti zetu nne, kama nilivyosema, 4,397,143. Tofauti ni watu 70, abiria wa matatu tano. Lakini Nairobi ina maeneobunge 17 na sisi tuna 29. Kwa hiyo, wanasema, kura ya ubunge ina nguvu zaidi ikipigwa dala. Ni kweli. Kwa wastani mbunge wa huku alikuwa na wasajiliwa kama 75,000 mwaka 2022, wa Nairobi kama 142,000. Lakini nguvu ya kumchagua nani? Mtu atakayejenga madarasa ya watoto wasio wako, na wako wanasoma Mathare. Dawa ya Nairobi kupunjwa viti ni kudai mipaka ichorwe upya. Katiba inataka hilo kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, mipaka ya mwisho ni ya 2012, na muda ulipita Machi 2024 wakati tume haina hata kamishna mmoja. Hiyo ni kesi ya kupigania. Kukimbilia kijijini ni kuwaachia waliochelewesha.

Hoja ya pili sitaicheza nayo. Ni hofu. Mwishoni mwa Januari 2008, Waluo waliwindwa Naivasha, wengine wakateketezwa ndani ya nyumba. Waliopona walifika Kisumu kwa malori na mabasi, wengine wakirudi "nyumbani" wasikowahi kuishi. Huku huku Kisumu polisi walikuwa wakipiga watu risasi, na watu wa makabila mengine wakifukuzwa na maduka yao kuchomwa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Mzazi aliyepitia hayo akikwambia usipige kura ugenini, hatoi hoja ya siasa. Anakulinda. Usimcheke.

Lakini tukimsikiliza vizuri, anachosema ni kwamba siku ya uchaguzi uwe kwenu ndipo uwe salama. Na 2017 ilituonyesha kwamba kwetu pia hapakuwa salama. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Marudio ya 26 Oktoba upinzani ukayasusia, na katika sehemu kubwa ya kaunti hizi nne vituo havikufunguliwa. Tume ikaahirisha, kisha ikaachana nasi kabisa. Tarehe 30 Oktoba mshindi akatangazwa, na majaji baadaye wakauidhinisha ushindi huo. Sitabishana leo kama kususia kulikuwa sawa au la. Nataka tu uone kilichowezekana: sehemu moja ya nchi ilikosa kura, na Kenya ikaendelea kama vile taa imezimwa kwenye chumba kimoja. Kurundikana hakukutupa ulinzi. Kulitufanya tuwe rahisi kurukwa.

Tena huu mrundikano hatukuuchagua sisi peke yetu. Jaramogi Oginga Odinga alipounda KPU mwaka 1966, naibu wake alikuwa Bildad Kaggia, Mkikuyu, na hoja zao zilikuwa mashamba na maskini. Serikali ilihangaika kweli kweli kukifanya kionekane chama cha Waluo. Kaggia akashindwa kwao Kandara. Baada ya damu kumwagika hapa Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969, chama kikapigwa marufuku. Yaani waliotaka tubaki pembeni walituchorea pembe, na sisi miaka sitini baadaye bado tunaipalilia kama urithi.

Mjomba atasema nimesahau mila. Sijasahau. Kila Mluo anajua kesi ya S.M. Otieno. Mwaka 1987, baada ya miezi ya mabishano kortini kuhusu tofauti ya nyumba na dala, wakili huyo wa Nairobi alizikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo wake ulivyotaka, ingawa mjane wake, Wambui, alitaka azikwe kwenye shamba lao karibu na Ngong. Korti iliupa ukoo maiti. Sawa. Yangu pia mkitaka mtaipeleka Seme, sitakuwa na mdomo wa kukataa. Lakini kura ni ya mtu aliye hai, na aliye hai ana anwani.

Swali hili limekuwa la dharura zaidi sasa. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025. Tulimlilia Mamboleo, akazikwa Bondo, na hata kabla matanga hayajapoa mnada ukaanza: nani atarithi kura za Baba? Chama kikakabidhiwa kakake, Oburu Oginga, na kila anayejiona mzito akaanza kupima viatu. Sikiliza lugha yenyewe: kurithi. Kura zetu zimekuwa mjane anayengoja shemeji wa kumchukua. Na hata Baba mwenyewe, kwa mapenzi yote tuliyompa, hakuwa na hati ya umiliki. Aprili 2019, kwenye uchaguzi mdogo wa Ugenya, katikati ya Siaya, watu walimkataa mgombea wa ODM wakamchagua David Ochieng wa chama kingine. Jua liliendelea kuchomoza.

Na nyinyi wa rika langu, mlioandamana Juni 2024 mkisema hamna kabila wala kiongozi, nina neno nanyi pia. Mabango yalikuwa mazuri. Lakini sajili haisomi bango. Kabla ya uchaguzi wa 2022 IEBC walilenga wapiga kura wapya milioni sita katika awamu ya kwanza, wakapata kama milioni moja na nusu. Walio chini ya miaka 35 hawakufika asilimia 40 ya sajili, katika nchi ambayo wengi wetu ni vijana. Ukisema huna kabila kisha usijisajili, mchambuzi wa studio atakuhesabu tu: atakuweka kwenye "Nyanza waliojitokeza wachache". Ukijisajili lakini ukapeleka kura kwenu kijijini, atakuhesabu hivyohivyo. Njia pekee ya kuiharibu ramani yake ni kuwa mpiga kura mahali ambapo hakutarajia, mahali unapojua jina la MCA na unajua taa gani haiwaki.

Uchaguzi ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Usajili na uhamisho hufungwa kabla ya hapo, na foleni ya wiki ya mwisho huwa haina huruma. Beba kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge unamolala. Kama jina lako liko kwingine, omba fomu ya kuhamisha. Kama wewe ni Mluhya wa Vihiga unayeishi Kondele, hii inakuhusu. Kama wewe ni Mkisii unayeuza duka Migosi, inakuhusu. Kama wewe ni Mluo uliyeko Naivasha na moyo unadunda ukisoma hili, sitakuamuru; unajua usiku wako kuliko mimi. Lakini kama kinachokuzuia ni mazoea tu na wimbo wa "kura ya dala", basi omera, nauli hiyo ya Agosti itumie kwa kitu kingine. Mpelekee mamako sukari mwezi wa Julai.